Bomba Lenye Namba ya Simu

Kitendawili! Hakina mdomo, ukikiita kwa namba kinaitika. Ukisema simu, umepata nusu. Nusu ya pili ilikuwa juu ya meza ya hakimu kule Mbale: bomba la chuma ambalo mjukuu wangu Rajab alilichomelea kwa ajili ya kufukuza ndege wa mpunga. Unatia kabaidi, vile vijiwe vya mafundi vinavyotoa gesi, unatia maji kidogo, unawasha. Dum! Ndege wanakwenda kwao.

Polisi wa huko walisema hiyo ni bunduki ya kienyeji. Sheria inataka kila bunduki iwe na namba ya serikali, na anayetengeneza isiyo nayo kwa siri anafungwa miaka. Walimkamatia kwangu Walukuba, alipokuja Jinja kunisalimia, mkono wake bado uko kwenye sahani. Simu yake ikabaki chumbani inachajiwa. Wateja walipopiga niliwaambia, "Fundi yuko safarini, mwanangu." Sikutaka kuizima. Ningeizima ningeona kama nimemzika.

Basi, tukaitwa kortini. Mlangoni askari alituonya: "Mama, simu ikilia humu, na wewe unalala ndani."

"Sawa, afande."

Simu yangu nikaizima. Ya Rajab, iliyokuwa chini kabisa ya mkoba, nikaisahau.

Mwendesha mashtaka akaliinua bomba. "Mheshimiwa, leo ni kabaidi, kesho mtu atatia misumari. Na tazama ujanja wake! Amechonga namba ili watu wadhani ni ya serikali."

Rajab hakungoja aulizwe. "Ni namba ya simu yangu, Mheshimiwa! Kila geti ninalochomelea naandika namba. Likiharibika, mtu anipate wapi?"

"Kumbe hata bunduki unazitangazia biashara!"

Watu wakacheka.

Wakili wetu, binti Naigaga, akasimama. "Mheshimiwa, mwenye kuficha silaha haandiki juu yake pa kumpata. Tunaomba namba hiyo ipigwe."

"Namba yoyote inaweza kuchongwa," mwendesha mashtaka akasema. "Ipigwe tu. Tuone nani ataitika."

Hapo ndipo nilipoikumbuka. Asubuhi chaji ilikuwa imebaki kamstari kamoja. Nikaingiza mkono mkobani, nikaipapasa. Baridi kama jiwe. Yule askari ananitazama.

Karani akasoma namba kwenye chuma, akabonyeza, akaweka simu sikioni. Kimya. Akamtazama hakimu, akaanza kutikisa kichwa. Rajab akafumba macho.

Kokorikoo!

Jogoo aliwika mkobani mwangu. Ndio mlio anaoupenda Rajab. Askari akanijia mbio, lakini hakimu akainua mkono.

"Mwache. Mama, pokea."

Nikapokea, na mdomo ukasema ulichozoea: "Fundi yuko safarini, mwanangu."

Korti nzima ikacheka, hata karani. Hakimu hakucheka.

"Namba hii si ya serikali," akasema. "Kama bomba hili ni bunduki au si bunduki, hilo nitaamua baadaye. Lakini siri siioni. Mshtakiwa aende nyumbani kwa dhamana. Akitengeneza jingine kabla ya hukumu, anarudi rumande, na jogoo wa bibi yake hatamtoa tena."

Nje, mbele ya mlango ule ule, nilimkumbatia mpaka akalalamika, "Haboba, mbavu!" Ndivyo anavyoniita mimi bibi yake. Nikampa simu yake. Hata hajaifuta vumbi, jogoo akawika tena.

"Fundi!" Sauti ya mzee mmoja mwenye shamba la mpunga ikatoka kubwa, kila mtu anasikia. "Ndege wanatumaliza huku! Nichomelee bomba kama lile!"

Askari akageuza shingo. Rajab, mjinga wangu huyu asiyejua kumnyima mteja, akafungua mdomo: "Mzee, njoo kes..."

Nikampokonya simu.

"Namba unayopiga haipatikani kwa sasa," nikasema, kwa sauti ya yule binti wa kwenye mtandao.

"Haipatikani vipi, mama? Si nakusikia!"

"Hunisikii," nikamwambia, nikaizima.