Hakuna Kupanda Peke Yako

Nilifika bustani ya burudani ya Hemlock saa kumi alasiri makusudi, na makusudi yenyewe nayasema waziwazi: sikutaka kukutana na Arlene Pritchard. Bustani ilikuwa inafungwa saa kumi na mbili. Nilijua watu wa chama chetu cha wapenda treni za milima wangejaa tangu asubuhi, na Arlene, ambaye siku zote huwa wa kwanza langoni na chupa yake ya maji ya limau, angepanda Nyumbu mara mbili tatu, angechoka, angekwenda zake. Basi nikabaki nyumbani nikipiga pasi mapazia. Mapazia! Siku ya mwisho ya Nyumbu, mtu mzima wa miaka sabini na miwili anapiga pasi mapazia ili asionane na mtu.

Kwa asiyemjua, Nyumbu ni treni ya milima, ile ya kupanda kwa kujiburudisha, ya mbao tupu kuanzia nguzo hadi reli, ila ule ukanda wa chuma magurudumu yanapopita. Mnyororo unaivuta taratibu hadi kileleni, tak, tak, tak, kisha unaiachia iporomoke. Waliijenga mwaka 1927 mafundi waliozoea kusimamisha nguzo kwenye migodi ya makaa ya mawe, na jina wakalitoa kwa wale nyumbu, wazaliwa wa punda na farasi, waliovuta mikokoteni humo chini. Haina kompyuta. Breki zake ni magongo marefu ya kuvuta kwa mkono, na anayeyavuta kwa miaka arobaini na mmoja sasa ni Delmar Stutz, mpaka bega lake la kulia limelizidi la kushoto.

Siku hizi wanajenga za chuma. Unafungwa mikanda kama mtoto mchanga, inakwenda laini mpaka unasinzia. Sizitukani. Basi, nazitukana. Treni ya milima isiyokutikisa meno ni lifti tu.

Napenda vitu vya zamani vya bustani hizi, na sijawahi kuona haya kusema. Napenda Nyumba ya Mashetani pale Hemlock, na kile kiunzi cha mifupa bandia cha mchimba makaa ambaye mkono wake ulianguka mwaka 1981 wakaufunga kwa waya, na bado umefungwa kwa waya uleule. Napenda farasi wa mbao wa kuzunguka, unyooshe mkono ukipita, unyakue pete ya shaba ukutani. Ukiipata, unazunguka tena bure. Napenda harufu ya grisi na rangi mpya juu ya rangi kuukuu. Lakini juu ya vyote napenda kiti cha nyuma kabisa cha Nyumbu. Wageni hukimbilia mbele. Waache. Pale kileleni behewa la mbele likianza kushuka, la nyuma bado linapanda, likavutwa kwa nguvu, na matako yako yanaachana na kiti. Sekunde mbili tatu huna uzito. Huna kiwanda, huna goti linalouma, huna mume aliyekufa. Hiyo ndiyo raha yenyewe.

Sasa, kiti cha Nyumbu ni benchi la watu wawili, na wote mnashikiliwa na chuma kimoja kinacholala mapajani. Ukikaa peke yako utateleza huku na huku na kuvunja mbavu. Kwa hiyo kuna kibao kimepigiliwa mlangoni tangu enzi: HAKUNA KUPANDA PEKE YAKO. Na ndiyo maana mwendeshaji hupaza sauti kwa foleni: "Nani yuko peke yake?" Aliye peke yake huinua mkono, akaunganishwa na mwingine aliyeinua mkono.

Mwaka 1974 niliinua mkono mimi. Mchumba alikuwa ameniacha wiki ileile, nami nikaona heri nife kwa Nyumbu kuliko kwa kulia. Nyuma yangu kwenye foleni mkono mwingine ukainuka, vidole vitatu vimefungwa plasta. Nikajua huyo ni mshonaji, tena wa kiwanda cha mashati, kama mimi.

"Kola au mikono?" nikamuuliza tulipokaa.

"Vifungo," akasema. "Na usinibane ukiogopa, shoga, mbavu zangu chache."

"Nani aogope? Wewe ndiye unatetemeka."

"Natetemeka njaa."

Tulishuka, tukanunua viazi vya kukaanga vya siki, tukarudi foleni. Huyo ndiye Arlene. Tulipanda pamoja miaka thelathini na tisa. Kila likizo ya kiwanda tuliingia kwenye gari lake, tukazunguka Ohio, Virginia, New York, kutafuta treni za milima, na kila tuliyoipanda kila mmoja aliiandika daftarini mwake. Watu wa chama chetu wote huandika. Ukifikisha mia tatu tofauti, unaitwa mbele kwenye chakula cha jioni cha mwaka, unavishwa pini ya fedha, watu wanapiga makofi. Mwingine ataona ni upuuzi. Sisi wawili hatukuwa na kingine cha kupigiwa makofi.

Na hapo ndipo nilipoharibu.

Kulikuwa na treni moja ya mbao Ohio iliyoitwa Mbayuwayu. Tuliipanda. Baadaye bustani ile ikafungwa, Mbayuwayu ikafunguliwa ubao kwa ubao, ikapelekwa Virginia, ikajengwa tena. Tukaipanda tena. Arlene akaiandika mara mbili. Mimi nikaiandika mara moja.

"Ni ileile, Arlene. Kitu kikihamishwa hakigeuki kingine."

"Si ileile hata kidogo. Ile ilikuwa na ziwa chini yake. Hii ina maegesho ya magari. Wewe ulijisikia vilevile?"

"Kujisikia hakuandikwi daftarini."

"We Verna Hudak, siku yako ya kufa utabishana na mchimba kaburi."

Tulicheka. Lakini mwaka 2013 yeye akafika mia tatu, na mimi, kwa safari zilezile, nikawa na mia mbili tisini na tisa. Usiku ule wa chakula alinishika mkono chini ya meza. "Twende wote mbele," akaninong'oneza. "Iandike Mbayuwayu mara ya pili, Verna. Nani atakufa? Sitaki kusimama kule peke yangu." Nikauondoa mkono wangu. Akaenda peke yake. Wakamvisha pini, makofi yakaanza, nami nikasimama katikati ya ukumbi, nikasema kwa sauti ya kiwandani, ile ya kushinda cherehani mia: "Mia mbili tisini na tisa. Moja kaihesabu mara mbili."

Makofi yakafa. Arlene aliivua pini, vile vidole vyake havikuishika vizuri, akaiweka mezani. Hakuniangalia. Nikarudi nyumbani kwa basi.

Miaka kumi na mmoja. Aliniletea kadi kila Krismasi. Sikujibu hata moja. Mwanzoni nilijiambia nina haki. Halafu nikajiambia muda umepita mno. Ukaidi ukishazoeleka unakuwa kama kiatu kibovu, kinakuumiza na bado unakivaa.

Basi ikatangazwa kwamba Nyumbu inaondolewa. Nguzo zimeoza, lakini mabehewa, mnyororo na mbao nzima zimenunuliwa na bustani moja Indiana, itajengwa upya huko. Nilipoisikia hiyo habari nilifurahi kabisa, jamani. Si ileile? Nitakwenda Indiana, nitaipanda, hakuna cha kulilia. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijiambia huku napiga pasi.

Saa kumi na nusu nilikuwa mlangoni pa Nyumbu, karatasi ya viazi mkononi. Foleni ilikuwa ya wawili wawili: bibi na mjukuu, wapenzi, ndugu waliofanana mpaka masikio. Delmar aliniona, akashusha kofia.

"Bi Verna! Nilidhani umekufa."

"Bado nabishana na mchimba kaburi."

Hakucheka. Akatazama ubavuni kwangu, pale pasipokuwa na mtu, kisha akageukia foleni.

"Nani yuko peke yake?"

Nikainua mkono. Nilisahau jinsi mkono wa mtu unavyokuwa mrefu ukiwa umeinuka wenyewe. Watu wakageuka, wakatazamana, wakarudi kwenye mazungumzo yao. Hakuna aliyeinua.

Treni ikaenda. Ikarudi. "Nani yuko peke yake?" Mkono wangu. Ikaenda tena. Kijana mmoja akamwambia msichana wake, "Maskini bibi, kaja na viazi tu," na msichana akampiga kofi la begani, "Nyamaza, atakusikia." Nilimsikia, bila shaka. Nilikula kiazi kimoja ili nionekane nina shughuli.

Mara ya nne nikamsogelea Delmar. "Niache nipande. Miaka hamsini napanda hii kitu. Nitajishikilia."

"Siwezi, bi Verna. Unajua siwezi."

"Kesho inavunjwa! Nani atakuuliza?"

"Mbavu zako zitaniuliza." Akaufunga ule mnyororo wa mlango, akanijia karibu. "Nami nilimkatalia mwenzio vilevile. Sasa nikikuruhusu wewe, nitamtazamaje?"

"Mwenzangu gani?"

"Una wangapi?" Akaelekeza kidevu kwenye benchi iliyo chini ya ngazi. "Alikaa pale tangu tulipofungua. Ana kigari chake cha kutembelea sasa, kile cha kusukuma. Kila treni nilipaza sauti, watu wakainua mikono, wanachama wenu wanne watano wakamwambia njoo ukae nami. Anakataa. 'Nina mwenzangu, anakuja.' Zikapita saa nne nzima, bi Verna, zikafika sita. 'Anakuja, huyo hawezi kuikosa.' Mwanawe akaja akamwambia, 'Mama, ndege itatuacha.' Anahamia Arizona kwa mwanawe. Mwisho akaniomba apande peke yake kiti cha nyuma, nikakataa, na saa tisa na nusu wakaondoka."

Saa tisa na nusu nilikuwa namaliza pazia la jikoni.

Delmar akaingiza mkono mfukoni mwa shati, akanipa tiketi ya bustani aliyoniachia Arlene. Nyuma yake palikuwa na namba ya simu, na chini ya namba, kwa mwandiko wa vidole vinavyouma: *Kiti cha nyuma.*

Nikaenda nikakaa kwenye ile benchi. Ilikuwa imeelekea mlango wa kuingilia. Aliyekaa pale anamwona kila anayefika. Nikaitazama Nyumbu. Nikatazama ule mpindo wa mwisho unaopita juu ya kijito, ambapo majani ya miti ya hemlock yanakugusa mkono ukiunyoosha, ambapo Arlene alikuwa akiangua kicheko kama kuku aliyetaga, kila mara, miaka thelathini na tisa. Hivi Indiana wataupeleka na kijito? Watanipeleka na mimi wa miaka ishirini na miwili, na vile vidole vya plasta? Ningekuwa mtoto ningegaragara chini. Mbao zitafika. Nyumbu haitafika. Alikuwa sahihi tangu mwanzo, na mimi mjinga nilihitaji miaka kumi na mmoja na benchi tupu ili kuona alichokiona yeye kwa mpando mmoja.

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano Delmar aliita treni ya mwisho. Akanitafuta kwa macho, akapaza sauti polepole kuliko desturi.

"Nani yuko peke yake?"

Kulikuwa na mama mmoja kwenye uzio wa kutokea, ameshuka muda si mrefu, mumewe amembeba mtoto wao. Huyo akainua mkono. "Mimi nitapanda nawe, mama," akaniita. "Nimeshapanda, lakini twende tu. Usikose!"

Alikuwa na uso mwema, Mungu ambariki. Mwili wangu wote ulinyanyuka. Kiti cha nyuma kilikuwa wazi. Delmar hakuwa amemweka mtu. Dakika mbili tu, na sekunde mbili tatu zisizo na uzito, na sitazipata tena maisha yangu.

"Ahsante, mwanangu," nikasema. "Nina mwenzangu."

Yule mama akatazama kushoto na kulia kwangu, akaushusha mkono.

Delmar akaliachia gongo. Treni ikatoka na kiti cha nyuma kitupu. Tak, tak, tak mpaka juu, ikatoweka, watu wakapiga mayowe, mbao zikaunguruma mpaka benchi ikatetemeka chini yangu. Ikarudi. Delmar akavuta breki kwa mikono miwili, akabaki ameshikilia lile gongo ingawa treni ilikwishasimama.

Nilipigia simu kwenye maegesho, ndani ya gari. Ililia mara sita.

"Haloo?" Nyuma yake palikuwa na kelele za uwanja wa ndege.

"Ni mimi."

"Umepanda?" akauliza.

"Hawakuniruhusu. Nilikuwa peke yangu."

"Nami hivyohivyo."

"Arlene, Mbayuwayu ni mbili. Zilikuwa mia tatu. Zako na zangu."

"Najua," akasema. Nikamsikia akivuta pumzi. "Mbona hukuja asubuhi, Verna?"

Nilifungua mdomo nimwambie. Mwanaume mmoja akasema karibu naye, "Mama, wanatuita, twende," na kigari kikalia magurudumu sakafuni. "Ngoja, ngoja kidogo, naongea na mwenzangu," akamwambia, na hapo simu ikakatika.

Nikapiga tena. Ilikuwa imezimwa. Nikabaki nimekaa upande wa dereva, viazi vimepoa kwenye kiti cha pili, mpaka mlinzi akaja kugonga kioo kwamba wanafunga geti.