Mlaji wa Kitanda cha Bibi

Kru. Kimya. Kru, kru.

Taa ilikuwa imeshazimwa, na sauti ilitoka kwenye kitanda kipya kilichosimama sebuleni kikinukia vanishi.

"Panya," alisema baba, kwa sauti ya mtu anayeomba iwe panya.

"Panya hatafuni taratibu hivyo," Kidole alimjibu kutoka gizani.

Siku hizi Kidole ni mwanamke ambaye akiingia ukumbini wasomi husimama kumpa heshima, na wadudu aliowachora wamo katika vitabu vya shule. Wakati ule alikuwa na miaka sita, meno mawili ya mbele yako likizo, na jina la Kidole, kwa kuwa hapakuwa na tundu asilolichokonoa. Wapo wanaolelewa kati ya vitabu. Yeye alitambaa juu ya maranda ya mbao, na kila mdudu aliyetoka kwenye gogo la baba alikuwa mgeni wake, akipewa chumba ndani ya kopo la misumari.

Baba yake, seremala, alikuwa amemtengenezea mama mkwe kitanda. Upande wa mama walikuwa makarani, watu wa kalamu na shati jeupe, na Bibi hakuwahi kusahau kwamba binti yake alimchagua mwanamume mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Kitanda hiki ndicho kingemfunga mdomo. Basi haraka ikamponza fundi: mbao hakuzikagua.

Kulipokucha, mama alimwinamia mwanawe. "Bibi akija, wewe hujui kitu. Umesikia?"

"Nimesikia. Na yule wa kitandani pia nimemsikia."

Bibi alifika, akakizunguka kitanda, akakipapasa, akakikalia kwa uzito wake wote. Hakikulia hata kidogo.

"Mh! Mkwe wangu, leo umeniweza. Nitawaambia ndugu zangu wote."

Kru.

Mama akakohoa.

Kru, kru.

Mama akakohoa zaidi.

"Mwenye kifua ni wewe," Bibi aliuliza, "au ni kitanda?"

"Mbao mpya hizo, mama," baba alisema, masikio yakimwaka. "Zinazoea nyumba."

"Zinazoea kwa kutafuna?" Bibi akamgeukia mjukuu. "Haya, mke mwenzangu, njoo. Humu ndani wewe ndiye usiyenificha."

Kidole akamtazama mama. Akamtazama baba. Akajaza mashavu pumzi, akaibana, macho yakamtoka. Seremala akauona uso ule mdogo ukihangaika kumbebea heshima yake, na ghafla heshima yenyewe akaiona nyepesi kuliko maranda. Akamshika bega.

"Sema, mwanangu, usije ukapasuka bure."

Kidole akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya kitanda, akaweka kidole juu ya kitundu kilichomwaga unga mweupe.

"Ni dumuzi, mla mbao, Bibi, na bado ana njaa."