Anayetazama Mlango

Mwaka ule baada ya mvua za El Nino, Nthambi alirudi nyumbani Ukunda akiwa amekatwa mafindofindo, na chumba cha mamake, Syovata, kikajaa watu. Mtoto alilala uso umeelekea mlangoni, na kila aliyeingia alijiona ametazamwa yeye.

"Huyu anapenda wageni kama mamake," wakasema. Syovata akacheka, akaongeza chai.

Siku zikaenda kama pazia linalopepea. Nthambi alilala nusu, akaamka nusu. Alisema dari inaelea, na bahari ya Diani inapumua chini ya mto wake. Usiku mmoja wageni walipoondoka, Syovata alipanda kitandani upande wa ukutani, akamwita. Macho ya mtoto yakaja. Kichwa hakikuja.

Asubuhi habari ilikuwa imeshafika bombani. Huyu akasema upepo mbaya, yule akasema kijicho. Mwanapili, jirani aliyekanda shingo na migongo ya mtaa mzima, akaja na mafuta ya nazi ya vuguvugu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mshike mabega, mama Nthambi. Nikikivuta kichwa mara moja tu, kinarudi."

Wageni wakasogea waone. Syovata akashika mabega. Ndipo Nthambi aliposema, taratibu, kama yumo ndotoni bado, "Mama, vidole vyangu vina sisimizi."

Syovata akatazama vidole. Hapakuwa na mdudu hata mmoja; kilichotambaa kilikuwa ndani. Akatia mkono wake kati ya shingo ya mwanawe na mikono ya Mwanapili.

"Usimguse, mama. Nisamehe."

Mwanapili akarudi hatua moja.

"Wanifukuza mbele za watu?"

"Nakuomba unisaidie kumbeba."

Mwanapili akatazama mafuta yake, kisha akafuta mikono. Walimlaza juu ya ubao, kichwa kimebanwa kwa khanga zilizokunjwa, wakampeleka hospitali Msambweni. Daktari alieleza kwamba uvimbe wa koo baada ya kukatwa umelegeza kano, na mfupa wa juu wa shingo umeteleza. Ni jambo la nadra. Kichwa kingevutwa kwa nguvu, huenda mtoto asingetembea tena.

Wakamvisha kola ya kushikilia shingo, wakamfunga uzito mdogo wa kuvuta kichwa polepole. Kila saa ya kuona wagonjwa, Mwanapili alikaa upande wa dirishani, upande ule usiotazamwa, akamwaga umbea wa mtaa kwa sauti ya chini: nani kaolewa, nani kakimbiwa. Siku hadi siku kichwa kilimfuata kidogo, kama kivuli kinavyofuata jua.

Mpaka alasiri moja Mwanapili aliposita kumeza mate, akakuta macho mawili yamemkabili, na pua, na kidevu.

"Halafu?" akauliza Nthambi.