Chawa wa Kuku kwa Bundi wa Msituni

Kaka alikuwa mtu wa ndege, mdogo wake wa kike alikuwa mtu wa chawa wa ndege, na jumba zima la makumbusho lilijua nani kati yao anajiona. Ndege wa kaka walilala ghorofa ya juu, kwenye droo zenye harufu ya dawa ya nondo. Chawa wa dada walibanwa katikati ya vioo vyembamba vya hadubini, ghorofa ya chini, jirani na choo. "Mimi naleta nyumba, huyu anahesabu wapangaji," kaka alipenda kusema mbele za wageni, na dada alishamzoea.

Mwaka huo ikaja amri kwamba kila kilichomo kipigwe picha na kuingizwa kwenye kompyuta, na kila chawa aunganishwe na ndege alikotolewa, ili mtafiti aliye popote abonyeze mara moja awaone wote wawili, na nukta kwenye ramani imwonyeshe walikopatikana. Dada akaanza na kioo chake cha kwanza kabisa, chenye chawa aliowachambua akiwa msichana kutoka kwenye manyoya ya bundi wa kaka yake. Tangu hapo hakuwatazama tena. Alikitunza kioo kile kama picha ya harusi.

Bundi mwenyewe alikuwa na jina mjini. Kaka alimleta kutoka msitu wa mlimani alipokuwa mwanafunzi, na hakuna aliyewahi kumpata mwingine huko. Kisa cha kumsaka, mvua, ruba na yote, kilisimuliwa kwenye kila shughuli ya familia. Mama yao, enzi za uhai wake, kila kikifika patamu aliinuka na kukimbilia jikoni akijifuta macho, na dada siku zote alidhani ni fahari ya mzazi.

Picha ikatokea kwenye skrini. Dada akaitazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Walikuwa chawa wa kuku. Si wa kanga, si wa kwale: wa kuku yule wa bandani, asiyekanyaga msituni hata kwa mwaliko. Chawa hao humhamia bundi akiwala kuku wenyewe.

Kicheko kikampanda, kisha hofu, maana heshima yote ya kaka yake ilisimama juu ya ndege yule mmoja, na akiunganisha tu, dunia nzima itauliza. Akapanda ngazi na vikombe viwili vya chai.

"Kaka, hivi kule msituni walikuwa wanafuga kuku?"

Kaka akakoroga chai isiyo na sukari. Akasema labda vioo vilichanganyika. Dada akamkumbusha kwamba siku ile yeye alikuwa na kioo kimoja tu duniani. Basi chawa hao waachwe pembeni, kaka akasema, hatakufa mtu.

"Waachwe," dada akakubali. "Ila kila mwaka watu wanapanda ule mlima na nyavu kumtafuta bundi wako. Wamekosa mpaka wameandika kwamba ametoweka."

Hilo halikuwa utani, na kaka alilisikia. Akasukuma kikombe pembeni, yakamtoka. Alizunguka msituni mwezi mzima asipate hata unyoya, akarudi nyumbani na homa na aibu. Alfajiri moja Mama akamkuta bundi bandani akimaliza vifaranga, akampiga mwiko mmoja wa kichwa.

"Akaniletea kitandani amemshika miguu. Akaniambia, mchukue mwanangu, usirudi chuoni mikono mitupu. Na hakunisema hata siku moja."

Ndipo dada akazielewa zile mbio za jikoni: kumbe Mama alikuwa akienda kucheka.

Wakashuka pamoja. Kaka akavuta kibodi, akaisogeza nukta taratibu: ikatoka mlimani, ikavuka mto, ikatua lilipokuwa banda la kuku la nyumbani. Kwenye nafasi ya mkusanyaji akafuta jina lake, akaandika "Mama". Kompyuta ikakataa, ikataka jina kamili. Akaliandika lote, majina ambayo hawakuwa wameyaona pamoja tangu yalipoandikwa kaburini.

Ikabaki njia ya kukamata. Kompyuta ilijua wavu, mtego na bunduki. Dada akachagua "nyingine", akaandika "mwiko", kisha akainuka haraka na kukimbilia nje kwenye korido, akijifuta macho.