Kisanduku cha Baba

Kitabu cha ubatizo cha mwaka 1997 kilinyeshewa na kurasa zikagandana. Padre alitaka cheti cha Clementi, mchumba wa binti yangu Recho, kabla ya kutangaza ndoa yao Jumapili. Mimi ndiye katibu wa parokia. Nikampigia Bernado aliyenitangulia, sasa mstaafu huko Bunda, nikamwambia nimekuta diski ya ile kompyuta ya zamani aliyoandikia ubatizo.

Akanijibu haraka: "Hiyo iacheni, mama Recho."

Kuacha sijui. Hata ndoa yenyewe niliisukuma mimi. Mume wangu Baltazari aliikataa miezi mitatu bila kutoa sababu, nikamwita mkorofi, akaacha kubisha.

Recho alinakili diski kwenye laptop yake, akaweka emuleta, programu inayojifanya kompyuta ya kizamani. Windows 95 ikafunguka kwenye kidirisha kidogo, polepole mno.

"Imefufuka!" akacheka. "Mama, mzee mwenzako huyu."

"Acha utani. Fanya kazi."

Baba wa Clementi tulimjua: ni bibi Wankyo wa Butiama. Hakuzaa mtoto wa kiume, akatoa ng'ombe akamuoa Hyasinta amzalie. Huku kwetu mwanamke kuoa mwanamke ni kawaida. Mwanamume anayeingia nyumba hiyo hatajwi, na mtoto haulizi.

Kwenye kisanduku cha baba Recho akaandika Bi. Wankyo. Programu ikagoma: *Baba lazima awe mwanamume.*

"Ona inavyojifanya padre! Sasa mzee Bernado aliandikaga nini hapa?"

Kumbe Bernado alilazimika kumuuliza Hyasinta jina la mwanamume mwenyewe.

"Funga, Recho."

"Ngoja, natafuta kwa mama."

Akaandika Hyasinta. Kidirisha kikaganda, kisha rekodi ikajitokeza, herufi nyeusi kwenye kijivu.

*Mtoto: Clementi. Mama: Hyasinta. Baba: Baltazari Enos, Kamunyonge.*

Kamunyonge ni nyumbani kwetu. Baltazari Enos mwingine hayupo.

Recho hakucheka tena. Alisoma mstari ule kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza, kisha akarudia. Simu yake ikaita mezani. Clementi. Akaisukuma kwangu.

"Pokea wewe, mama."

Nikapokea.

"Shikamoo mama. Cheti kimepatikana?"

"Marahaba. Kimepatikana. Ng'ombe wa mahari msiwalete kesho, Clementi. Njoo leo, na uje na mama yako."