Mita Kumi na Mbili Juu ya Igogo

Kwa miezi minne Jovina alikuwa akijifunza kukwea mawe. Alikuwa muuzaji wa duka la dawa pale Nyamagana, mama wa watoto wawili, mwenye afya ya kawaida tu. Kila alfajiri alining'inia kwenye bomba la chuma uani mpaka vidole vikafa ganzi. Jumamosi alikwenda kwenye jiwe kubwa linalotazama ziwa juu ya mtaa wa Igogo, pamoja na Kushal, kijana wa duka la vifaa vya ujenzi aliyekuwa akimfundisha.

"Leo dada utajifunza kuanguka," Kushal alimwambia. "Ukifika kwenye ule ufa, achia mikono. Kamba itakudaka."

Kamba ilipita kwenye pete za chuma kileleni na kurudi chini mikononi mwa Kushal. Jovina alikuwa akiifunga ncha nyingine kwenye mkanda wake wa kiunoni, simu ya kazini ilipoita. Akaongea, akamaliza, akaanza kupanda.

Kwenye ufa, mita kumi na mbili juu, alitazama chini.

"Naachia," alisema.

"Usiachie." Kushal hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha. "Usiegemee kamba, dada. Fundo lako hukulimaliza."

Jovina akainamisha macho. Kamba ilikuwa na nusu ya fundo tu; ncha yake ilikuwa imepitishwa kwenye mkanda na kuachwa, ikipeperushwa na upepo wa ziwani.

"Nimeilegeza, haitakuvuta. Ingiza mkono wa kushoto kwenye ufa, halafu ukunje ngumi."

Akauingiza mpaka kwenye kiwiko. Jiwe lilimchuna ngozi. Kiatu cha kulia kikateleza kidogo, mkojo ukamtoka, hakujali. Akaikamata ncha kwa mkono wa kulia.

"Fuata njia ya kamba," Kushal alisema taratibu. "Zungusha. Pitisha chini. Sasa vuta kwa meno."

Ncha ilimponyoka mara mbili. Mara ya tatu ikapita. Kushal akatoa simu kwa mkono mmoja, akalikuza fundo kwa kamera, akalitazama kwa muda mrefu.

"Liko sawa."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Nimeikaza kamba. Achia."

Kuutoa mkono ule kwenye ufa kulikuwa kugumu kuliko yote. Alifumba macho, akaachia. Akaanguka kama nusu mita, kamba ikavutika kidogo na kumdaka, Kushal akamshusha polepole.

Chini Jovina aliketi palepale alipotua. Kushal akaketi kando yake, midomo imempauka.

"Nilipaswa kukukagua kabla hujapanda. Sikukukagua."

Jovina alitaka kumzaba kibao. Badala yake alimshika mkono.

"Usimwambie mume wangu," alisema. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Nitamwambia mwenyewe."

Wiki sita zikapita kabla hajarudi. Siku aliyorudi alipanda mita tatu tu, akaomba kushushwa, na Kushal akamshusha bila kuuliza.