Vicheko Juu ya Bati

Jumatatu hiyo, kama Jumatatu nyingine, dobi aliegemeza ngazi ukutani kabla ya kuwasha mkaa wa pasi, akapanda na ufagio kufagia vicheko. Vilikuwa vimeanguka jana yake jioni, baada ya onyesho la ukumbi wa mji, vikavu na vyepesi kama maganda ya karanga. Kimoja hakina uzito wowote. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na boriti iliyokuwa juu ya kitanda cha mama yake ilikuwa imeanza kupinda.

Dobi na mama yake ni watu wa Peku, dini ndogo ambayo waumini wake huvua viatu kwenye kila mlango, uwe wa nyumba ya ibada, wa duka au wa benki, kwa sababu mtu hajui Mungu yuko chumba kipi. Wote wakikusanyika hawajazi hata nusu ya ukumbi wa mji. Ukumbi ulijazwa na wengine, waliokuja kumsikiliza mchekeshaji akiwazungumzia.

Mchekeshaji alikuwa na kisa kimoja kilichompa jina. Kiongozi wa Peku, anayehubiri fadhila za unyayo mtupu, nyumbani kwake ana kabati la viatu lenye taa ndani. Kisa ni cha kweli. Dobi mwenyewe aliwahi kupeleka nguo kule akaiona hiyo taa. Alipokisikia redioni mara ya kwanza alicheka mpaka akaunguza kola ya mtu, na mama yake akasema kutoka kitandani, "Mungu ambariki huyo kijana. Sisi tumeogopa miaka yote."

Ubaya ulikuwa kwenye mkia wa kisa. Akimaliza kabati, mchekeshaji alivua viatu vyake akaigiza watu wa Peku wanavyoingia benki, kwa ncha za vidole, nyufa za visigino zikionekana, huku akiziba pua. Hapo ndipo watu walipovunjika mbavu. Vicheko vilipaa vikafika kwanza kwa kiongozi, kilimani, kwenye paa la vigae vinavyong'aa. Vikateleza. Vikafuata mteremko mpaka vikakuta bati la dobi, lenye kutu na mikunjo, vikatulia hapo.

"Leo umepata vingi, dada," jirani alimwambia, akipita na ndoo.

"Tunashukuru ni vikavu. Vya wiki iliyopita vilinyeshewa, havifagiliki."

Mchekeshaji alikuwa mteja wake. Asubuhi hiyo alikuja mapema kuchukua koti la jukwaani, akamkuta bado yuko juu. Alisimama chini ya ngazi akisikiliza kwikwi za kicheko zinazotoka kila ufagio ulipopita.

"Hicho ni cha mke wangu," alisema.

"Kila wiki hunasa kwenye msumari huu huu," dobi alimjibu. "Koti lako liko tayari, kaka."

Mchekeshaji hakushtuka. Aliuliza tu kwa nini hajaambiwa.

"Nikwambie nini? Uache kazi? Na ya kabati angeisema nani?"

Mchekeshaji alichungulia ndani, akamwamkia mama, akaitazama boriti. Kisha akaondoka na koti mkononi bila kutania mtu, jambo ambalo hakulizoea.

Wiki hiyo hiyo kiongozi alipeleka malalamiko kwenye baraza la mji, onyesho lipigwe marufuku kwa kuwadhalilisha wanyonge. Akaja kwa dobi, ambako hajawahi kufika hata siku ambayo mama alikuwa mahututi. Alivua viatu mlangoni. Vilikuwa viatu vizuri sana.

"Lete gunia la vicheko barazani," alisema. "Ushahidi ni huo. Onyesho likifungwa, mama yako atalala kwa amani."

Dobi aliitazama boriti usiku kucha. Kulipokucha alijitwika gunia akaenda.

Barazani alilifungua mbele ya mwenyekiti, kiongozi na mchekeshaji wakiwapo, na chumba kikajaa vicheko vya watu wasiokuwepo. Karani alikitambua cha kwake, akakohoa.

"Dada, unataka huyu bwana anyamazishwe?" mwenyekiti alimuuliza dobi.

"Hapana, mheshimiwa. Ya kabati ni kweli, na sisi hatukuthubutu kuisema. Mkizoea kuziba midomo mtaanzia kwake na kuishia kwetu, maana yetu haina wa kuitetea. Ila ya miguu yetu imetuuma. Imenielemea mimi, haikumgusa mwenye kabati." Akamwonyesha mchekeshaji kwa mkono. "Msimzibe mdomo. Mpeni ufagio."

Jalada la malalamiko likafungwa bila marufuku. Ya kabati hakuna aliyeuliza.

Jumatatu iliyofuata mchekeshaji alikuja na ufagio wake, na gogo la kuegemeza boriti. Alifagia vizuri kuliko dobi alivyotarajia. Tangu hapo akawa haji bila kuketi kwanza kando ya kitanda cha mama, amjaribishie visa vipya.

"Hicho kitamwangukia nani?" mama humuuliza. Baadhi huvicheka mpaka apewe maji. Baadhi humrudishia.

Kisa cha kabati kilibaki, mkia ukakatwa. Vicheko vikapungua, havikuisha, kwani watu walishaujua ule mkia kwa moyo na waliuendeleza wenyewe sokoni na vituoni. Lakini mama alilala bila kuogopa dari, na dobi alishukuru kwa hilo kila alipozima taa.

Siku moja mama alizidiwa, na mchekeshaji akambeba mgongoni hadi zahanati. Pale watu wa Peku hupitishwa mlango wa nyuma, wa takataka, wasichafue sakafu ya mbele. Mchekeshaji alivua viatu kwenye mlango mkubwa, akamwomba mlinzi awapitishe wote watatu.

Mlinzi alimtambua. Alicheka mpaka akashika geti asianguke.

"Wewe bwana utaniua! Pita, pita. Hao wazungukie nyuma."

"Sifanyi mzaha," mchekeshaji alisema.

Mlinzi akacheka zaidi.

Wakazunguka, wakapita kando ya mapipa, dobi akiwa amemshikia viatu. Mama alitibiwa, na jioni walirudi naye nyumbani.

Jumatatu mchekeshaji alikuta juu ya bati kicheko kinono, bado cha moto. Alikijua, kilikuwa cha mlinzi. Alikifagia polepole mpaka kikaanguka uani.

"Asante, kaka," dobi alisema kutoka chini, akipuliza mkaa. "Mungu akuweke."

"Usinishukuru, dada. Hiki nimekuletea mwenyewe."

"Najua. Nashukuru umepanda kukitoa."

Kutoka ndani mama akasema kimebaki kimoja, upande wa msumari. Mchekeshaji akashuka, akahamisha ngazi.